Ya Mezani Yanabaki Mezani

Solange akisema kwamba anaitamani miaka ile ya vita, watu humkodolea macho kana kwamba ametukana kanisani. Si vita anavyovitamani. Nani atatamani magari ya askari, au kulala na viatu miguuni? Anachokitamani ni Jumamosi: meza ya mbao nyumbani kwao Butembo, taa ya mafuta, na watu wanne wakicheza poka bila haraka ya kwenda popote.

Walikuwa wanne tu. Kaka yake Mathe alikuwa mfanyabiashara wa kahawa, na sauti yake ya sokoni aliingia nayo mpaka ndani ya nyumba. Papa Lusenge, seremala wa jirani, alicheza polepole mno. Ugali ungeiva yeye akiwa bado anachagua karata moja. Solange mwenyewe alikuwa wa tatu. Wa nne alikuwa Étienne, mwalimu wa hesabu kutoka Kananga. Serikali ilimleta kufundisha, kisha vita vikakata njia nyuma yake. Mshahara ukakoma, barua zikakoma, naye akabaki akilishwa na wazazi wa wanafunzi wake. Poka ni yeye aliyewafundisha.

Kwa kuwa kutembea usiku kulikatazwa, aliyeingia kabla ya giza alikuwa mateka mpaka asubuhi. Dau lilikuwa maharagwe ambayo Mathe aliyanunua sokoni Alimbongo, na Jumapili baada ya misa dau lote liliingia chunguni. Solange anaapa mpaka leo kwamba hajala maharagwe matamu kama yale, ingawa yalishikwashikwa usiku kucha na mikono ya watu ambao hata hawakunawa.

Meza ile ilikuwa na sheria, na aliyeiweka ni Papa Lusenge. Jirani mmoja, bia ikiwa imempanda kichwani, aliwasema vibaya wakubwa wa askari huko nganda alikokuwa anakunywa. Kesho yake walikuja kumchukua. Jumamosi iliyofuata mzee aliweka karata chini kabla hata hazijagawanywa zote.

"Batoto, ya ku meza inabaki ku meza," alisema. "Muchana hapana kuuliza mutu alisema nini. Tumesikilizana?"

Waliishika sheria hiyo. Waliwacheka makomanda, waliwalilia wafu wao, Étienne alisimulia jinsi anavyomwota mama yake, na kulipokucha kila mmoja alikunja ulimi wake akaenda zake. Siku hizi watu wanasema lolote barabarani, hata kwenye simu, lakini Solange anaona hawaongei kama walivyoongea wao. Papa Lusenge amezikwa, Mathe anakaa Kampala, na ile meza iliuzwa.

Basi, turudi siku zile: amani ikaja. Ndege zikaanza tena kuruka kutoka Beni kwenda Kinshasa, na Étienne, aliyetaka kurudi kwao, akapata nafasi kwenye lori la kahawa la kwenda Beni, Jumapili asubuhi. Jumamosi ile wakacheza kwa mara ya mwisho.

Solange alikuwa amempenda mwalimu huyo miaka yote na kunyamaza. Kwao msichana hasemi, na hata mwanaume hajisemei: hutuma wazee wake na kasiksi, pombe ya ndizi, wakaongee na wazee wa msichana. Wazee wa Étienne walikuwa Kananga, upande mwingine kabisa wa nchi. Solange alitaka jambo moja tu, neno kutoka kinywani mwake kabla lori halijaondoka. Angeenda bila neno, asingerudi. Nani atavuka Kongo nzima kufuata maharagwe?

Mchezo ulipokolea, Mathe alisukuma rundo lake lote katikati ya meza.

"Prof, leo nakumaliza. Uko na nini?"

Étienne alizitazama karata zake, akazilaza kifudifudi.

"Mais, niko na neno," alisema. "Nataka kuoa Solange."

Mathe alipiga meza, maharagwe yakaruka. "Bongo! Uongo mutupu! Bluff ya leo imepita zote! Papa Lusenge, umesikia? Iko ananiogopesha na dada yangu!"

Akacheka mpaka machozi. Na tumlaumu vipi? Kwenye meza ile kila mwenye karata mbovu alitangaza jambo kubwa. Mathe mwenyewe aliwahi kutangaza kwamba anaingia upadri. Étienne alingoja kidogo, kisha naye akacheka, kicheko kifupi, akasukuma karata zake pembeni. Papa Lusenge hakucheka. Solange aliinama, na pamoja na furaha hasira ikampanda. Neno alilolingoja miaka yote limetoka, tena limetoka mahali pekee ambapo mtu haruhusiwi kulifuata! Mwalimu mzima wa hesabu, na hesabu ndogo hiyo ikamshinda.

Hakupata usingizi. Asubuhi alimimina chai. Mathe aliongea juu ya mvua, Étienne akaongea juu ya barabara. Papa Lusenge alikohoa, akawatazama mmoja mmoja, akarudia chai yake. Sheria ilikuwa yake, angeivunja kwa mdomo gani? Solange alimpa Étienne kikombe.

"Merci, Solange," alisema, basi.

Wakamsindikiza wote mpaka maegesho ya barabara ya Beni. Sanduku lake lilikuwa limekwisha pakiwa, chini kabisa, na magunia ya kahawa juu yake. Mathe alimshika mkono akamwambia amsalimie mama. Étienne akaweka mguu juu ya gurudumu apande. Ndipo Solange alipomshika koti.

"Mwalimu. Ile neno ya usiku."

"Solange, acha mutu aende!" alisema Mathe.

Étienne alimtazama Papa Lusenge, kisha akamtazama Solange. "Mais tulikubaliana," alisema polepole. "Muchana hapana kuuliza."

"Siulize," alisema Solange. Aliisikia sauti yake ikifika mpaka kwa wabeba mizigo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. "Miye ninajibu. Ni ndiyo."

Wabeba mizigo walipiga vigelegele kuliko wanawake. Papa Lusenge alimvuta Étienne kwa mkono mpaka miguu yake ikagusa ardhi.

"Shuka. Hauna baba hapa, basi baba ni miye. Twende tutafute kasiksi."

Dereva hakujua habari wala hakuwa na subira. Alitia gia akaondoka. Sanduku likaenda Beni peke yake chini ya magunia ya kahawa, na mwenyewe akabaki Butembo na nguo za mwilini tu.