Fuko Chini ya Askari

Mwaka 1996 Mutalemwa, mfanyabiashara kutoka Muleba, alifungua banda la gemu pale Isingiro: televisheni moja, mashine moja, jenereta, na kaseti za gemu ishirini na nne. Haikupita miezi mitatu, vumbi na vidole vya wachezaji vikawa vimefuta picha zote za juu. Kaseti zikabaki nyeusi tupu. Anayetaka magari anachomekewa ndege, na ugomvi haukwishi.

Aliyekuwa akizichomeka ni mfanyakazi wake, Kantengwa. Mama yake alivuka mto wa mpakani kutoka Kibungo na ujuzi wa kupamba kuta: unachanganya samadi ya ndama na majivu, unainua matuta kwa kidole, yakikauka unapaka rangi. Kantengwa akazipamba kaseti zote namna hiyo, bila kumwomba mtu ruhusa. Gemu ya kuchimba mashimo aliipa fuko katikati ya maharage. Ya magari, lori la kahawa likipanda mlima. Ya ndege, mwewe juu ya vifaranga. Ugomvi ukaisha, watu wakaanza kuagiza kwa majina yake: niwekee fuko, niwekee mwewe.

Kosa lake lilikuwa moja, nalo si dogo. Alizoea kuta, na ukuta hauchomekwi popote. Alichora mpaka ukingoni, kaseti ya lori ikanasa kwenye mdomo wa mashine, ikatolewa kwa koleo.

"Mavi ya ng'ombe ndani ya mashine yangu!" Mutalemwa alifoka. "Kwangua zote, leo hii!"

Kantengwa aliona aibu, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko aibu. Alichukua wembe, akakwangua ukingo wa kila kaseti, ile sehemu inayoingia kwenye mashine tu. Kisha akauweka wembe mezani.

"Nilikosea ukingoni, bosi. Kwenye picha sikukosea. Picha sikwangui."

"Basi nitazifunika mwenyewe. Siku ya gulio, wateja wakiridhika na za kwangu, wewe funga virago."

"Na wasiporidhika?"

Mutalemwa alileta kutoka Bukoba karatasi za kunata zenye askari wa kigeni, misuli na bunduki tupu, akazibandika juu ya kila picha. Hakuwahi kucheza gemu hata moja, kwa hiyo alibandika alivyojisikia. Kantengwa alimtazama mpaka mwisho, ameuma meno.

Siku ya gulio banda lilijaa. Wa kwanza alikuwa Hategekimana, kibarua wa mashamba ya migomba huko Songambele. Alishika kaseti, akamtazama askari, akakunja uso. Akapitisha dole gumba juu ya karatasi, polepole, kutoka kona hadi kona. Halafu akacheka.

"Huyu si askari. Huyu ni fuko wangu, kalala chini."

Akaingiza ukucha, akabandua. Fuko akatokea na maharage yake, rangi imechubuka kidogo. Wenzake nao wakazigombania kaseti, wakipapasa na kubandua, mmoja akipiga kelele kwamba amempata mwewe.

"Acheni! Mali yangu hiyo!" Mutalemwa alipayuka.

"Tukuache na askari wako, twende zetu?" Hategekimana aliuliza kwa upole.

Mutalemwa akaketi. Akamwambia Kantengwa, bila kumtazama, "Haya, bandua zilizobaki."

"Ulizibandika wewe, bosi. Zibandue wewe."

Mutalemwa alivuta kaseti, akaanza kubandua.

Kesho yake Kantengwa alikuja na kibuyu cha samadi na majivu. Safari hii alipima kwanza mdomo wa mashine. Kisha juu ya kila kaseti, mahali ambapo mashine haifiki, akaandika jina lake mwenyewe kwa matuta manene.

"Na hilo la nini tena?" Mutalemwa aliuliza.

"Ili ukifunika tena," alisema, "kidole kijue ni kazi ya nani."