Jiwe la Mgeni

Rundo lile la mawe pale Kanja nililikuta nikiolewa, na mama mkwe wangu naye alilikuta. Ni kaburi la watu wa kale, waliokaa hapa kabla yetu, na hakuna aliyejua jina lao. Ukipita unaokota jiwe, unalitupa juu, unaenda zako. Nilifanya hivyo miaka kumi na minne, nikiwa na mzigo wa kuni au mtoto mgongoni.

Mwaka wa sitini na sita kamati ya ardhi ikaja kugawa mashamba. Jirani yetu Misheck akadai shamba letu la chini, lenye rundo, ni la ukoo wake. Huyu Misheck wakati wa vita vya uhuru alikuwa homugadi, mlinzi wa upande wa Wazungu, na mume wangu Njue alifia kizuizini mwao. Mwili sikupewa. Sasa kamati ilikuwa na neno moja tu: mwenye kaburi la wazee wake shambani ndiye mwenye shamba. Wangenirudishia Njue nimzike, nisingehitaji uongo. Nikasema lile rundo ni kaburi la babu ya Njue.

"Twende utuonyeshe," akasema mzee Salesio, mwenyekiti.

Njiani nilieleza yote bila kukwama: jina la babu, njaa iliyomuua, hata rangi ya dume lililochinjwa. Salesio alikuwa akiitikia kwa kichwa. Tulipofika nikainama, nikaokota jiwe, nikalitupa juu ya rundo.

Misheck ndiye aliyecheka kwanza.

"Rwamba," Salesio akasema polepole, "babu ya mume wako unamtupia jiwe? Mtu wako unammwagia uji. Jiwe ni la mgeni, yule hana mtu."

"Ni mkono tu umezoea, mzee."

"Ndiyo. Umezoea."

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema Misheck, na wakaandika jina lake. Mdomo wangu niliufunza wiki nzima, mkono nikausahau. Nimeuchukia mkono huu tangu siku ile.

Miaka kumi na tisa baadaye gari la chuo fulani lilileta wanafunzi na mwalimu wao kuliona rundo. Mimi nilikuwa hapo hapo nikichuma kahawa, kibarua wa Misheck, katika mibuni niliyoipanda na Njue. Misheck alikuwa amevaa koti.

"Hapa amelala babu yangu," akawaambia. Wakaandika wote.

Nikaweka kikapu chini, nikaokota jiwe, nikalitupa juu ya rundo mbele yao, nikamtazama Misheck usoni. Yeye alijua. Akageuka upande.

"Huyo ni mfanyakazi tu," akasema.

Msichana mmoja akanisogelea na kamera, akitabasamu. "Shosho, si urudie hiyo? Sikuwa nimeshika poa."

Nikarudia.