Timazi Kwenye Ukuta wa Jikoni

...na binti yangu bado anauliza, "Mama, tumchukue fundi yupi?", kana kwamba nachagua kitambaa cha pazia, nami nimekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, ganzi tupu, ganzi hii ilinishika siku tuliyomzika baba yake na haijaondoka, naona midomo ya watu inacheza tu, huyu mkandarasi kijana, shati limepigwa pasi mpaka linakata, anapitisha kidole kwenye simu, "Tunavunja ukuta wote, mama, tunapandisha jiko la kisasa," maneno kama bomba lililopasuka, na yule mwingine, Upogo, mzee mwenzangu, amegongomea msumari juu ya ukuta, ametundika timazi yake, kile kichuma mwisho wa uzi, sasa sote tunangoja kitulie, kijana anacheka, "Mzee, siku hizi kuna mashine za mwanga," na Upogo bila kugeuka, "Mashine inaisha betri, mwanangu, uzi unaisha nini?", mimi wa zamani ningelifikisha neno hilo kwa jirani kabla halijapoa, leo wapi... ukuta umelala, ufa umepanda mpaka dirishani, binti anaguna, "Mh! Nani alijenga hivi?"... nani, baba yako, mwanangu, Upogo aliweka msingi na mistari minne ya matofali, akaugua, akalazwa, na mimi nilikuwa kwetu nimekwenda kukuzaa wewe, baba yako akataka nirudi nikute jiko limesimama, akapandisha mwenyewe, kwa macho, timazi ya nini, niliporudi akanionyesha kifua mbele, akaona nilivyokunja uso, akasema, "Usimwambie mtu," nami sikumwambia mtu, nilisema tu kwenye foleni ya maji kwamba kuta za fundi yule zina makengeza kama mwenyewe, wakacheka mpaka ndoo zikamwagika, na mimi nani niache kicheko kitamu vile, nikatia chumvi, nikasema macho yake yanaamkiana, nikambatiza Upogo, jina likaganda, kazi zikamkimbia, akaishia kujenga mabanda ya kuku, miaka thelathini na minane, na siku ya mazishi alikuja na sepetu yake, akasawazisha kaburi la rafiki yake, hakuna aliyemtuma... uzi umetulia, anapima kwa vidole, kimoja, viwili, vitatu, anachuchumaa kwa kujikokota, magoti yanalia, anapapasa ile mistari minne ya chini, hapo uzi na ukuta vinakwenda pamoja, "Shemeji," anasema, "hii ya chini isivunjwe, hii ni mizima," ananitazama, pamoja na makengeza yake macho yamenyooka kuliko yangu, anajua, amejua miaka yote, na alinyamaza kwa ajili ya rafiki yake, nami nilisema kwa ajili ya kicheko, na kitu kinaanza kunichoma, kama mguu uliokaliwa damu ikirudi, Mungu wangu, kinachoma... "Mama, yupi?" binti tena, kijana na simu yake, kichuma kimening'inia palepale, hakuna aliyesogea, ulimi uko tayari, huyu, huyu mzee, na ukuta aliujenga baba yako, ila nimwiteje, nimtaje vipi mbele ya binti yangu, jina alilopewa na mama yake sikuwahi kuuliza, na hili nililompa mimi limenikwama kooni...