Jogoo Aliyeitwa Kardinali

Mimi sipendi mtu aniingilie uani bila hodi, na Sylvester hajawahi kupiga hodi tangu nimfahamu. Yeye ni Mgogo, mimi ni Mnyamwezi wa hapa Isevya, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani wangu huyu hodi haijui. Jumapili ile baada ya misa aliingia nikiwa nasugua masufuria, akaenda moja kwa moja kwenye tenga, akalifunua, akamtoa jogoo na kumpakata kama mtoto wa kubatizwa.

"Mnyamwezi," akasema, "babu zako walipita Ugogo na mizigo ya watu vichwani, wakatumalizia maji ya visima. Ushuru wa njia hamjalipa mpaka leo. Nachukua huyu."

"Mweke chini, mwana njaa wewe. Kwenu mnakula vumbi, ukiona kuku macho yanakutoka."

"Sikiliza kwanza. Jumamosi namwoa Minza. Ukishakuwa mkwe wangu sitakutania tena maisha yangu yote. Hii ndiyo nafasi ya mwisho."

Hapo akanishika pabaya. Minza ni binti wa marehemu kaka yangu, nimemlea mimi tangu hajaota meno. Na ni kweli, mkwe hataniwi. Kuanzia Jumamosi huyu kijana angekuwa ananiamkia macho chini, anakaa kwenye kigoda cha mbali, basi. Sikujua nitamtukana nani tena. Nikamtukana siku hiyo matusi ya akiba yote, yeye anacheka, jogoo anapiga kelele, wakaondoka. Jioni akaniletea bakuli lenye kichwa na miguu miwili. "Sehemu ya mwenye mali," akasema.

Kwa asiyejua utani, huo ndio utaratibu wake. Mtani anachukua mchana kweupe, unamwona, unamtukana, hununi. Siku nyingine na wewe unachukua chake. Redio ya Sylvester iko kwangu mpaka leo na sina mpango wa kuirudisha.

Tatizo likaja na Mwalimu Nestory. Huyu ni katekista wetu, mtu mwema, lakini kila Jumapili chakula cha mchana anakula kwangu kama vile imeandikwa kwenye liturjia. Jogoo yule, Mwalimu alimwona akikua. Kwa sababu ya kile kilemba chake chekundu akampa jina la Kardinali, na kila akimaliza kunawa anapita kwenye tenga kumsalimia, anamwangalia mapaja, anapumua. Jumapili hiyo alikuwa ametoka semina ya maadili, na viatu vipya vyeusi alivyonunulia semina. Nikamwekea maharage.

"Kardinali yuko wapi?"

Nikamweleza. Akaweka kijiko chini.

"Huo ni wizi, Mama Pelagia. Amri ya saba."

"Ni utani, Mwalimu."

"Utani ni mambo ya etiki," akasema, na nikajua maharage yatapoa. "Etiki ni akili ya watu ikijiuliza lipi linafaa na lipi halifai, wakajiwekea na taratibu zao. Madaktari wana zao, mawakili wana zao, watani nanyi mna zenu. Lakini maadili, kwetu Wakatoliki, hayaishii hapo. Yanauliza mbele ya Mungu: tendo lenyewe ni lipi, nia ilikuwa nini, mazingira yalikuwaje. Taratibu zenu zinaweza kumruhusu mtu, na tendo likabaki ovu vilevile."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Sylvester aende kitubio aungame wizi. Asipoungama, siwezi kumwambia Padre kwamba wachumba hawa wako tayari."

Akarudi kwenye maharage, akayamaliza, akaomba mengine. Nilitamani kumwagia mchuzi kwenye vile viatu vyake.

Mkimjua Nestory mnajua hatanii. Yeye ndiye anayewafundisha wachumba, na akisema hawako tayari, Padre hafungi ndoa. Mchele wa pilau ulikuwa umeshanunuliwa, kwaya imeshona sare, ndugu kutoka Nzega wako njiani. Nikamwita Sylvester nikamwambia, nenda kaungame yaishe, unapungukiwa nini?

"Siendi," akasema. "Sikuiba. Nikiungama wizi ambao sikuufanya, nitakuwa nimesema uongo kwenye kitubio. Naingia sina dhambi, natoka nayo."

Minza alikuwa anachambua mchele. Akaacha, akafunika uso kwa upande wa kanga. Akasema kwa sauti ndogo, "Yaani mimi nakosa kuolewa kwa ajili ya kuku." Nikaingia ndani nisionekane, maana na mimi machozi yalikuwa karibu, ila yangu yalikuwa ya hasira.

Alhamisi jumuiya yetu ya mtaani ilisali kwangu, na kwa bahati Padre Renatus alikuja. Ni mzee wa maneno machache, anapenda kusinzia kwenye masomo marefu. Tulipomaliza sala nikamwaga yote. Nestory akasimama na semina yake nzima, tendo, nia, mazingira. Sylvester akasimama na babu zangu na visima vya kwao. Padre akafumbua jicho moja.

"Alimchukua kwa siri?"

"Hapana, Baba," nikasema. "Mbele yangu."

"Ulikasirika?"

"Nilimtukana sana, Baba. Kwa furaha."

"Mwenye mali akiridhia, kuna wizi gani hapo? Mwalimu, mambo uliyofundishwa ni ya kweli, ila umeyaharakisha. Akili ya watu siyo adui wa Mungu, ni Yeye aliyewapa. Taratibu nzuri zinalinda maadili. Kijana, njoo kesho uungame dhambi zako halisi, sidhani kama utazikosa."

Watu wakacheka. Minza akaniangalia, nikamwangalia, nikahisi presha inashuka. Nilikuwa nimeshanyanyuka kuleta chai tuliposikia mlangoni, "Hodi."

Alikuwa Bi Zeenat. Duka lake la vitambaa linatazamana na kwangu, yeye anaishi ghorofani juu ya duka. Alisimama pale na ushungi wake mweupe, anaona haya kwa sababu tuko wengi.

"Samahani, Mama Pelagia, kumbe mko kwenye sala. Nilitaka kuuliza tu. Jogoo wangu anaumwa? Siku hizi simsikii alfajiri."

Jogoo alikuwa wake. Mumewe, marehemu Mustansir, alikwenda Ipole kununua asali, akarudi na kifaranga kwenye mfuko wa koti, na ndiyo ilikuwa safari yake ya mwisho. Ghorofani hakuna uwanja, ndipo Bi Zeenat akanipa nimlelee, karibu tu, ili amsikie. Nami nilimlea, nikamlisha kwa mkono, nikamchanja kideri, nikamzoea mpaka nikawa nasema jogoo wangu. Siku nilipomwambia Mgogo amweke chini, wallahi sikumkumbuka mtu mwingine. Huo ndio ujinga wa kulea kitu cha mtu kwa mapenzi, unamsahau mwenyewe.

Bi Zeenat akatuangalia mmoja mmoja.

"Kicheche?" akauliza.

Ilikuwa rahisi sana. Vicheche wapo Isevya, wanajulikana kwa kula kuku, hakuna ambaye angekwenda kuwahoji. Padre alikuwa macho kabisa sasa. Nilimwona Minza anakunja upindo wa kanga yake, anakunjua, anakunja.

Sylvester akasimama.

"Si kicheche, mama. Ni mimi. Nilimchukua nikijua ni wa mtani wangu. Tulimla na wenzangu wa reli kule stesheni."

"Lakini mimi na wewe hatuna utani," akasema Bi Zeenat, taratibu, kama anayeuliza.

"Hatuna, mama."

Akakaa kwenye kigoda. Hakukasirika, na hilo ndilo lililotumaliza. "Kuku wapo wengi sokoni, mwanangu," akasema. "Mustansir alikuwa mtu wa kuamka mapema. Nikimsikia yule anawika, nilikuwa najisemea, haya, ameshaamka."

Nestory akatoa leso akapenga kamasi kwa nguvu. Nikadhani sasa ndipo atakaposema, mnaona, nilisema. Badala yake akasema, "Baba Padre, nami nina la kusema. Hasira yangu haikuwa ya amri ya saba. Ilikuwa ya mapaja." Kisha akakaa.

"Na wewe, Sylvester?" Padre akauliza.

"Wizi siungami, Baba, kwa sababu sikujua. Kesho naungama kwamba sikuuliza. Niliangalia mimi na Mnyamwezi wangu tu, sikuangalia kama kuna mtu wa tatu. Lakini kumrudisha, nitamrudishaje? Tumeshamla."

"Hilo sasa ni lako," Padre akasema. "Kujua umeshajua." Akaomba chai.

Ijumaa kabla jua halijachomoza nilishtushwa na sauti ya ajabu nje. Sijawahi kusikia mnyama wa namna ile. Mbwa wote wa mtaa walianza kubweka. Nikajifunga kanga nikatoka, na majirani nao wanatoka, mmoja ameshika panga. Chini ya dirisha la Bi Zeenat amesimama Sylvester, mikono kiunoni, shingo juu, anawika. Alikuwa amevaa viatu vyake vya harusi, alisema baadaye anavizoeza miguu. Akavuta pumzi, akawika mara ya pili, akarudi nyuma kidogo ili sauti ifike vizuri, akatumbukia kwenye mtaro wa maji machafu mpaka magotini.

Dirisha likafunguka. "Wangu alikuwa na sauti nzuri kuliko hiyo," Bi Zeenat akasema.

"Nitafanya mazoezi, mama. Nimeshanunua kifaranga. Mpaka atakapoanza kuwika, nitawika mimi."

Dirisha likafungwa. Halafu tukasikia, sisi sote tuliosimama pale na kanga na panga, Bi Zeenat anacheka peke yake huko juu. Tangu msiba hatukuwa tumemsikia akicheka. Minza alikuwa pembeni yangu. Akanong'ona, "Shangazi, huyu ndiye naolewa naye," na sikujua kama analalamika au anajisifu.

Viatu vya harusi vikawa vimekwisha habari yake, vimevimba na vinanuka. Sylvester hana vingine zaidi ya mabuti ya reli. Hapo Nestory, bila kuombwa na mtu, akavua vile vyeusi vya semina akampa. "Utanirudishia kesho jioni," akasema, akaondoka na ndala.

Ndoa ikafungwa. Jumamosi hiyo bwana harusi alikuwa ameshawika alfajiri, kwa hiyo "nimekubali" yake ilitoka kwa sauti ya kukwaruza, kwaya ikashindwa kujizuia. Baada ya misa tukaja kwangu, pilau, soda, ngoma. Mkwe wangu mpya akaja mbele yangu akainama, macho chini, akasema, "Shikamoo, mama." Nikasema marahaba. Nilikuwa na tusi moja zuri sana nimelihifadhi, nikalimeza. Iliniuma, sifichi.

Wakamkalisha mkekani na wazee, viatu akaviacha ukingoni kama wengine. Ndipo Bi Zeenat akatokea, amevaa hariri ya kijani, akaviokota vyote viwili akaviinua juu tuvione.

"Kwetu," akasema, "harusini ndugu za bibi harusi wanachukua viatu vya bwana harusi. Minza hana dada. Leo mimi ndiye dada yake. Wewe Mgogo, hivi utavipata siku jogoo wangu mpya atakapowika."

Watu wakapiga vigelegele. Sylvester akashika kichwa. Akatazama viatu, akamtazama Nestory, na sisi tuliojua tukamtazama Nestory pia, pale alipoketi na ndala zake, mguu mmoja umefichwa nyuma ya mwingine. Kifaranga chenyewe kilikuwa bado hakina hata manyoya ya maana.

Padre akamwinamia Nestory, akamwuliza polepole, lakini mimi nilikuwa karibu nikasikia. "Mwalimu, huo ni wizi au si wizi?"

Bi Zeenat akaona tumenyamaza. Kicheko kikaanza kumpotea usoni. "Kuna nini? Si vyake?"

Nestory akamtazama mama yule, mikono yake miwili bado iko juu na viatu.

"Ni vyake, mama," akasema. "Nilimpa kabisa. Vilikuwa vinanibana."

Bi Zeenat akacheka tena, akavuka barabara navyo, akaviweka dirishani kwake mahali ambapo mtaa mzima unaviona. Nestory akasogeza sahani yake ya pilau karibu, akala.

Sasa, mimi vile viatu nilimwona navyo siku ile ya maharage. Havikuwa vinambana hata kidogo, alitembea navyo uani kwangu kama waziri. Kwa hiyo sikushangaa Jumamosi iliyofuata, nilipokwenda kanisani kupanga maua, kumkuta Mwalimu Nestory kwenye foleni ya kitubio, amevaa ndala, na baadaye kumwona anatoka mle ndani akitabasamu peke yake.