Bei ya Ghorofa ya Tatu

Jenifa alifanya usafi katika nyumba za wageni za Makambako kwa miaka tisa kabla ya kuanza kazi yake mwenyewe ya kuosha vioo. Alianza na ndoo mbili, ngazi ya kuazima, na shemeji yake Agustino, mdogo wa mume wake, aliyekuwa ameacha kulima viazi kwao Makete akaja kutafuta maisha mjini. Bei yao ilikuwa moja: dirisha elfu mbili. Nyumba nyingi za wageni pale njiapanda hazina ghorofa, kwa hiyo hakuna aliyelalamika, si wateja wala wao.

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni akapigiwa simu na mama mmoja wa Njombe aitwaye Telesia, mfanyabiashara wa mbao. Alikuwa amemaliza kujenga hoteli, na Jumamosi mchungaji angekuja kuiombea. Alitaka vioo vioshwe. Madirisha yalikuwa sitini na manne. Jenifa alikuwa kando ya barabara kuu, malori yanapiga honi, sikio moja ameliziba kwa kidole. Akataja elfu tatu kwa kila dirisha. Mama Telesia akakubali pale pale, hata hakuomba kupunguziwa.

Hapo ndipo Jenifa alipokosa raha. Mteja asiyeomba kupunguziwa ana jambo analolijua. Siku nzima akawa anaweka kitu hapa anakichukua tena, anamwuliza Agustino kama elfu tatu ni ndogo, na kabla hajajibiwa anajijibu mwenyewe.

Jumanne asubuhi walifika Njombe, ukungu haujaondoka. Hoteli ilikuwa na ghorofa tatu juu ya vyumba vya chini. Jenifa alilizunguka jengo mara ya kwanza akihesabu madirisha, mara ya pili akiangalia vioo, mara ya tatu hakujua anaangalia nini. Mafundi walikuwa wamerusha rangi na saruji kila mahali. Nusu ya kila dirisha haikufunguka, na upande wa nje haukufikika ukiwa ndani ya chumba. Alichukua wembe akakwangua dirisha moja la chini huku akitazama saa ya simu. Dakika ishirini. Kisha akapanda hadi ghorofa ya tatu, akachungulia nje, akarudi nyuma haraka akashika ukuta.

Mama Telesia alikuwa kwenye kiwanda chake cha mbao, jirani na hoteli. Jenifa alimwamkia, akaeleza alichokiona. Madirisha ya chini na ya ghorofa ya kwanza angeyaosha kwa elfu tatu kama walivyokubaliana, japo yangemtia hasara. Ya ghorofa mbili za juu yalihitaji mirunda, ile miti wanayosimamia mafundi wakijenga, na bei yake ingekuwa elfu kumi kila moja.

Mama Telesia alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Akasema yeye akitaja bei ya ubao kwa simu, hata ubao ukipanda, anauza kwa bei ile ile. Mirunda alishaibomoa ikapelekwa kwenye jengo lingine, na hakuwa na sababu ya kuirudisha kwa ajili ya maji na sabuni.

"Mimi nitapanda," Agustino akasema.

Jenifa akamgeukia. "Utapandia nini?"

"Kamba. Najifunga kwa ndani, nakaa dirishani."

Walitoka nje wakabishana. Agustino alisema kazi kubwa kama ile ikipotea, mji mzima utasikia kwamba hawawezi ghorofa, na watabaki kufuta vioo vya gesti mpaka wazeeke. Jenifa alisema yeye hana bei ya kumweka mtu nje ya dirisha kwa kamba. Shemeji yake akajibu kwa upole kwamba basi bei hiyo ataiweka mwenyewe. Jenifa akaacha ndoo zote na nyembe zote, akapanda gari kurudi Makambako peke yake.

Jumatano hakukaa chini. Alifua nguo zilizokuwa safi. Alikwenda hadi Kitandililo kwa mama yake, akanywa chai nusu kikombe, akaaga. Alipiga simu ya Agustino, haikupokelewa. Akajiambia mikono yake ina maji. Akapiga tena. Usiku Agustino akatuma ujumbe kwamba amemaliza chini na ghorofa ya kwanza, na kesho anapanda juu. Alfajiri ya Alhamisi Jenifa alikuwa stendi kabla ya makonda.

Alimkuta Agustino amekaa kwenye rundo la mchanga, mikono ameibana kwapani. Mlinzi ndiye aliyesimulia. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya dirisha la ghorofa ya pili, fremu ikang'oka upande mmoja, na kijana akaning'inia kwa mkono mpaka mlinzi akakimbia juu akamvuta ndani. Dirisha alilokuwa akiliosha lilikuwa la kwanza kati ya yale ya juu.

Jenifa alimshika bega. Hakumkumbusha alichomwambia. Akaenda moja kwa moja kiwandani.

"Mama," alisema, "nilitaja bei ya jengo ambalo sijaliona. Kosa hilo ni langu, na ya chini umeyapata kwa bei niliyosema. Lakini sitalilipa kosa langu kwa mtoto wa watu."

Mama Telesia alikuwa ameshasikia. Alisogea mbali na msumeno uliokuwa ukikata nyuma yake, akauliza bei. Jenifa alijua kwamba Jumamosi ilikuwa kesho kutwa, na kwamba angeweza kutaja kumi na tano akapewa. Midomo ilimwasha. Akataja kumi, na mirunda na fundi wa kuifunga viwe juu ya mama.

"Tisa," alisema mama Telesia.

Jenifa akakubali, na alipofika mlangoni akaanza kujilaumu kwa ile elfu moja.

Mirunda ilirudishwa mchana huo huo, ikafungwa hadi giza. Ijumaa Jenifa alipanda yeye, khanga ameifunga juu ya suruali ya mume wake. Agustino hakupanda, alivuta ndoo kwa kamba na kubadilisha maji. Upepo wa Njombe ulipita katikati ya mbao, na kila ulipopita Jenifa alisimamisha mkono, akasubiri, akaendelea kukwangua. Dirisha la mwisho lilikauka jioni, taa za mji zimeshawashwa. Mama Telesia alikagua ghorofa zote, akalipa, akawapa na chapati za njiani.

Kwenye gari Agustino alisema baada ya Jumapili atarudi Makete, msimu wa viazi haumsubiri mtu. Jenifa alimwuliza kama angebaki, ikiwa wangeacha kabisa kuchukua kazi za ghorofa.

Agustino alifungua kiganja kimoja, akakikunja tena.

"Sijui, shemeji," akasema. "Mkono huu bado unauma."

Jenifa akaikunjua chapati, akaikata vipande, akamwekea kwenye mkono wa pili.