Mkono Ambao Haukuchorwa

Adolphine alipogeuza kitambaa chake cha kuchorea, alirudi nyuma hatua mbili. Jamani! Aliyekuwa akimtazama pale ni mama yake mzazi.

Na mtu asidhani alikusudia. Wiki tatu alikuwa akijifunza kuchora sura kwa rangi za mafuta kwa Papa Kapya, huko mtaa wa Bel-Air, na kazi aliyopewa ilikuwa moja tu: kunakili picha ya kale ya Ulaya, bibi mmoja amekaa, mikono juu ya magoti. Papa Kapya huwanakilisha wanafunzi picha ikiwa imegeuzwa kichwa chini miguu juu na kugawanywa kwa mistari, kisanduku kwa kisanduku, ili jicho lifuate mistari, lisijidanganye kwamba linaijua sura. Sawa. Lakini karatasi ya picha hiyo ilikuwa imepauka, rangi ya ngozi haionekani, basi Adolphine akakoroga ya kwake, akaweka mashavu na macho kwa mazoea. Na uso aliokuwa akiupangusa jasho asubuhi na jioni wiki nzima ulikuwa wa nani? Wa mama, aliyelazwa hospitali, na ambaye saa hiyo hiyo, saa nne asubuhi, alikuwa akipasuliwa tumbo.

Kwao, mtaa wa Hewa Bora, hawatundiki ukutani picha ya mtu ila marehemu. Baba yake alijitia ubishi, akachorwa angali hai. Mchoraji akamaliza Ijumaa, Jumatatu wakamzika. Tangu hapo nyumbani hakuna aliyethubutu hata kulitaja jambo hilo. Na leo binti yake amelifanya kwa mkono wake mwenyewe!

Adolphine akanyakua tambara, akalichovya kwenye tapentaini ya kufutia rangi, akalipeleka usoni pa picha. Mkono ukagoma. Amfute mama? Leo?

"Papa Kapya, nimeua mama," akasema, na huku akilia akamweleza yaliyompata baba.

Mzee akaja, akaitazama picha kwa muda mrefu. Hakucheka, ingawa ni mtu wa kucheka ovyo.

"Picha ya papa yako, balimaliza?"

"Ndiyo. Ijumaa."

"Na hii, ulishamaliza?"

Adolphine akafuta machozi, akatazama vizuri. Visanduku vyote vilijaa, isipokuwa vile vya mkono wa kuume.

"Bado mukono."

"Basi acha. Weka brosi chini."

Akaiweka brashi. Akakaa, simu mapajani, akisali na kuanza upya kila aliposahau maneno. Saa sita simu ikalia. Aliogopa kuipokea, akaiacha ilie, ilie, mpaka Papa Kapya akamkemea. Alikuwa mdogo wake, Virginie, akimwita dada yake kwa kelele.

"Yaya! Mama alishaamuka! Iko anauliza nani alipatia kuku chakula!"

Adolphine akacheka na kulia papo hapo.

Mama aliporudi nyumbani, siku ya kwanza tu akaikuta picha Adolphine aliyoileta, imeegemezwa nyuma ya mlango. Akajitazama, akapendezwa, akageuza shingo huku na huku. Kisha akakunja uso.

"We mutoto! Sasa miye nitasonga bukari ya unga na mukono moja?"

Adolphine akatazama chini.

Mama akamtazama yeye, kisha akainua macho ukutani, pale picha ya baba ilipotundikwa.

"Iache vile," akasema. "Nitasonga na moja."