Igisura Nyuma ya Migomba ya Sebahire

Asubuhi Verediane alikuwa anatwanga igisura kikavu kinuni, mikono bado imevimba. Jani hilo likiwa bichi linachoma mpaka mtu ajute kuligusa. Likikauka ni dawa ya kukuza samaki. Agronomu, bwana shamba wa eneo, aliwafundisha wanawake wa Nyakiriba kulichanganya na pumba za mahindi na machicha ya pombe ya mtama, konzi moja kwa beseni, na tilapia wa Verediane walikuwa wamenenepa vizuri.

Igisura cha kando ya barabara kilipoisha, Sebahire, jirani yake, alimruhusu kukata nyuma ya migomba yake. Kule kilikuwa kirefu kupita mtu. Igisura hupenda udongo uliofukuliwa ukashiba, na hakuna asiyelijua hilo Nyakiriba. Hata Verediane alilijua, ila furaha ya samaki ilimziba macho, maskini.

Samaki wakafika urefu wa mkono. Kisha wakaanza kupiga mluzi.

Walipiga jua likizama, sauti mbili, ya pili ikishuka. Ulikuwa mluzi wa Juvénal, mumewe, aliokuwa akiupiga kwenye kona ili aondolewe gogo la mlango wa ua. Mwaka uliopita, wa tisini na saba, Juvénal alitoka kwenda kununua misumari mjini Gisenyi, hakurudi. Siku zile wengi walitoka hivyo, na kuuliza sana kulikuwa kujitafutia mengine. Sebahire ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kumpa pole, na bidoni la pombe mkononi.

Dancille, mchuuzi aliyevusha samaki kwenda Goma kupitia forodha ya mpakani, hakulalamika. “Zinapiga muluzi mupaka ku barrière,” alisema. “Douanier ameshazoea. Bon, niongezee ingine.”

Verediane aligawa bwawa lake kwa uzio wa matete. Upande mmoja aliwapa igisura alichokifuata mbali, Nyundo, upande wa pili kile cha Sebahire. Wa Nyundo walikua polepole, kimya. Wa Sebahire walinenepa na kumwita kila jioni. Hapo akajua mumewe alipolala. Aliketi ukingoni akalia mpaka kitenge kikalowa. Kitu kimoja tu alikitaka duniani, kumtoa Juvénal pale na kumzika kwao.

Akaenda kwa Sebahire.

“Papa Gisa, Juvénal iko kwako, nyuma ya ndizi.”

Sebahire aliendelea kunoa panga. “Mama Keza, kule iko majani tu.”

“Basi uniache nichimbe.”

“Shamba haichimbwe sababu ya muluzi ya samaki. Majani, we kata tu. Mi sikatazi.”

Responsable, kiongozi wa eneo, aliitwa. Alichuchumaa bwawani jioni, akasikiliza, akakubali kwamba huyo ni Juvénal kabisa. Yeye na Juvénal waliwahi kuimba kwaya pamoja. Lakini shamba lilikuwa na mwenyewe, migomba ilikuwa imebeba, na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Alimshauri avumilie, akapewa samaki wawili, akaenda zake.

Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Verediane alikuwa amevumilia vya kutosha. Alimvua tilapia mkubwa kuliko wote, akamfunga kwa shati la Juvénal la Jumapili, akawatangazia majirani kwamba kuna maziko.

Walikuja wote, maana jirani haachi kuja kwenye maziko. Katekista alisoma sala bila kuruka neno. Sebahire alikuja na jembe lake na ndiye aliyechimba kaburi. Alichimba vizuri, kuta zimenyooka, na hakutaka kupokewa jembe.

Baada ya kufukia, watu walipanga foleni kunawa mikono, kama desturi, kabla ya kugusa pombe. Mwenye msiba ndiye aliyemimina maji. Sebahire alipofika alikinga viganja, na Verediane akamimina. Mikono ya Sebahire ilikuwa imetulia. Aliomba sabuni, akapewa.

Jua likazama. Bwawani samaki waliobaki wakapiga mluzi, sauti mbili, ya pili ikishuka. Sebahire alikuwa bado anajifuta mikono.

“Mama Keza,” alisema kwa upole, “enda umufungulie bwana yako.”

Verediane akaenda, akaondoa gogo la mlango, akatazama njia tupu mpaka kwenye kona. Kisha akarudi kuwamiminia maji waliobaki kwenye foleni.